Koo la Mzee Tarumbeta

Kwetu hakuna anayejua kunong'ona. Nakwambia mapema ili usije ukashangaa mbele ya safari. Baba yangu ni dalali wa mnada, baba yake alikuwa dalali wa mnada, na sisi watoto tumekulia kwenye uwanja ambao usipopaza sauti hupewi hata maji ya kunywa. Mama aliolewa akiwa mpole wa watu, lakini alipokaa nasi akazoea, sasa akituita kula hata majirani wananawa mikono. Ukitusikia tunasalimiana asubuhi utadhani tunagombana. Na tukigombana kweli, funga madirisha yako.

Uwanja wetu uko nyuma ya maghala. Tunauza vitu vya nyumbani vilivyokwisha tumika: makabati, vitanda, majokofu, meza za watu waliohama, viti vya ofisi zilizofungwa. Baba husimama juu ya kreti la mbao na kirungu mkononi, mimi husimama chini yake nikiwaonyesha watu kinachouzwa, na Kaka Mkubwa hupokea mizigo na kuongea na wateja. Mimi ni kitinda mimba, ndiyo maana hata leo, mtu mzima na nyumba yangu, Baba ananiita Kitinda. Yeye watu walimpa jina la Mzee Tarumbeta, na hawakutia chumvi. Alipokuwa akinadi, watu wa ng'ambo ya barabara walijua kabati limefika bei gani bila hata kuvuka.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Tukasema ni vumbi. Mama akamkataza maji baridi, Baba Mdogo akaleta chupa ya dawa nyeusi ambayo hata yeye hakuwa tayari kuionja, Baba akanyonya vidonge vya koo mpaka ulimi ukawa mwekundu. Haikusaidia. Sauti ikawa inamkatikia katikati ya mnada, wateja wanacheka, naye anacheka nao. Mpaka siku moja akaishiwa pumzi palepale juu ya kreti, akakaa chini taratibu huku ameshika koo, na hapo hakuna aliyecheka. Tulimlaza kwenye gari la mizigo, juu ya godoro lililokuwa linasubiri mnunuzi, tukamkimbiza hospitali.

Wakamlaza. Wakampitisha kamera nyembamba kooni, wakachukua kinyama kidogo kwenda kukipima. Daktari bingwa wa koo alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye miwani, mtulivu kiasi kwamba mbele yake sisi sote tulionekana wendawazimu. Siku majibu yalipotoka, mimi na Mama tulikuwa tumekwenda kununua shuka, Baba Mdogo yuko msalani, na Kaka Mkubwa ndiye aliyekuwepo. Daktari akamwita ofisini kwake.

Tuliporudi tulimkuta Kaka nje ya wodi, amepauka. Alitukalisha kwenye benchi la ukutani, akatuomba tusipige kelele, kisha akatueleza kwa kunong'ona, yaani kwa kunong'ona kwetu. Ni saratani. Iko kwenye kisanduku cha sauti, imeshakua, na inaelekea kuziba njia ya hewa. Mionzi peke yake haitatosha. Njia yenye matumaini ni upasuaji wa kuondoa kisanduku chote. Baba anaweza kupona, lakini atapumua kupitia tundu shingoni, na sauti yake ndiyo basi tena. Na hakuna muda wa kupoteza, kwa sababu pumzi yenyewe inazidi kubanwa.

Mama alijifunika uso kwa mtandio. Baba Mdogo akawa anasema "haiwezekani" kama vile kuna mtu anabishana naye. 

Kaka akaendelea. Alishaamua. Baba asiambiwe. Akisikia neno saratani atakufa kwa mshtuko, na akisikia atakuwa bubu ndiyo kabisa. Mzee Tarumbeta bila sauti ataishi ili iweje? Bora tukatae upasuaji, tumrudishe nyumbani, apewe dawa za maumivu, amalize siku zake akiwa na sauti yake. Kwa sasa tumwambie ana vidonda vya koo. Baba Mdogo akasema hilo ndilo neno la kiume. Mama akalia, akasema fanyeni mnavyoona.

Nilifura. Niliuliza ni nani kamuuliza mwenye koo. Kaka akaniambia nipunguze sauti, nikamwambia apunguze yeye, Baba Mdogo akatuambia wote tupunguze, na yeye ndiye aliyekuwa juu kuliko wote. Mhudumu aliyekuwa anasukuma toroli la chakula alisimama kututazama. Nikasema Baba ana akili zake timamu, hajawahi hata siku moja kukubali mtu amchagulie shati, leo sisi tumchagulie kufa? Kaka akajibu kwamba mimi nina mdomo tu, sina busara. Mdomo ninao, sikatai. Lakini siku ile mdomo wangu ulikuwa sawa.

Mama akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikawa ndogo.

"Kitinda, kwa maziwa niliyokunyonyesha, usimwambie baba yako. Ukimwambia, radhi yangu huna."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Radhi ya mama si kitu cha kuchezea. Nilimeza maneno yangu, yakanikaa kifuani kama kipande cha muhogo mkavu.

Lakini naomba nieleweke. Kaka Mkubwa si mtu mbaya. Alipokuwa mdogo alikuwa anapanda juu ya kiti jikoni na kuninadi mimi kwa dada wa jirani, akiiga kila mkwaruzo wa sauti ya Baba. Kwake Baba na ile sauti ni kitu kimoja. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alisimamisha gari kando ya barabara, akaegemeza paji la uso kwenye usukani na akalia mpaka nikamwonea huruma, pamoja na hasira zangu zote.

Basi ukaanza mchezo wa kuigiza. Tukawa tunaingia wodini na nyuso za harusi. Baba Mdogo alileta vichekesho alivyovisimulia tangu enzi za ujana wake. Mama alimpangusa Baba jasho ambalo hakuwa nalo. Kaka alimwambia vidonda vinaanza kukauka, daktari anafurahi, karibu tu tunarudi nyumbani. Sote tulicheka sana, tukacheka hata pasipo na kichekesho. Baba alitutazama mmoja mmoja, akaitikia kwa kichwa, akasema "sawa" kwa ile sauti iliyobaki ya kukwangua.

Hakuuliza hata swali moja, na hilo ndilo lililonitia hofu. Huyu ni mtu ambaye ukimletea meza aiuze anakuuliza uliinunua wapi, nani alikuwa anakalia upande gani, mvua iliwahi kuinyeshea, na kwa nini unaiuza. Leo koo ni lake, pumzi inamtoka kwa shida, na hana swali? Nilikuwa napanga mapera na machungwa kwenye kabati lake dogo, nayapangua, nayapanga tena, ili nisimtazame usoni.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa fundi viatu wa mtaani kwetu aliyevunjika mguu, mzee mwenye utani mwingi. Siku moja adhuhuri Baba alipelekwa kupigwa picha ya kifua, nami nikabaki nikimbadilishia shuka. Fundi viatu akasafisha koo lake.

"Binti yangu, pole na mzigo mlioubeba. Lakini hivi, mtamwambia lini mzee wenu kwamba anajua?"

Nilisimama na ncha ya shuka mkononi. Akanyoosha kidole dirishani. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa cha kitanda cha Baba, vioo vyake vya kupangana vimefunguliwa ili hewa iingie. Nikachungulia. Chini yake kabisa, nje, lilikuwa benchi. Benchi letu. Lile ambalo familia ya madalali ilikaa kupanga siri.

Fundi viatu akaniambia walisikia neno kwa neno, wodi nzima, na hata mgonjwa wa kule pembeni mwenye masikio mazito aliomba arudiwe kipande kimoja tu. Nikamuuliza kuhusu Baba. Akaacha utani. Akasema Baba alikuwa macho kabisa, alisikiliza mpaka tukamaliza, kisha akageukia ukutani, na tangu hapo hajalizungumza na mtu.

Jamani. Sijui niseme nilijisikiaje. Kwanza nilitaka kucheka, kwa sababu ni watu wa aina gani hao, wanaoficha siri kwa sauti ya mnada? Halafu kicheko kikageuka machungu. Nilikaa juu ya godoro tupu nikaona siku zote zile Baba amelala pale, anajua yote, anasikiliza vichekesho vya Baba Mdogo na habari za vidonda vinavyokauka, na hana hata mmoja wa kumshika mkono na kusema naye ukweli. Tulimwacha peke yake katikati yetu. Nililia kwa hasira, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu ya lile benchi.

Nikapiga moyo konde. Mama aliniapisha nisimwambie Baba, na Baba hakuwa na haja ya kuambiwa. Alihitaji kuulizwa. Kuhusu kuulizwa hakuna aliyeniapisha.

Nilimkuta daktari ofisini kwake akimalizia chai. Sikukaa. Nilimpa vidonge vyake vyote: kwa nini habari za mtu anapewa mwanawe, mgonjwa ni nani hapa, koo ni la nani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia kwamba kaka yangu alimweleza kuwa Baba mwenyewe ndiye aliyeomba asiambiwe, na kwamba amemwachia mwanawe mkubwa maamuzi yote. Wapo wagonjwa wanaotaka hivyo, akasema, na ni haki yao, kwa hiyo alilipokea ombi hilo.

"Baba hajasema hivyo hata siku moja," nikamwambia.

Daktari akavua miwani. Akasema kosa ni lake pia, maana lile ombi alipaswa alisikie kutoka kinywani mwa mgonjwa, na yeye akaridhika kulisikia kwa mtu mwingine kwa sababu siku ilikuwa na kazi nyingi. Hakujitetea zaidi ya hapo. Akauliza muda wa kutazama wagonjwa unaanza saa ngapi, kana kwamba hajui, akasema atakuja wakati huo, sote tukiwepo, na atamuuliza yeye mwenyewe. Kama Baba hataki kujua, hataambiwa. Kama anataka, hakuna wa kumzuia. Nikaona hiyo ni haki.

Alasiri ile tulikuwa tumemzunguka Baba kama kawaida yetu, Baba Mdogo yuko katikati ya kichekesho, daktari akaingia na nesi wakavuta pazia. Kaka Mkubwa alinitupia jicho ambalo kama lingekuwa kisu nisingekuwa nakusimulia haya. Akaanza kusema, Daktari, tulishakubaliana. Daktari akamwomba amsubiri kidogo. Akavuta kiti, akakaa usawa wa uso wa Baba.

"Mzee, majibu yako yapo. Unataka nikueleze wewe mwenyewe kila kitu, au unataka nizungumze na mtu mwingine kwa niaba yako? Lolote utakalosema nitalifuata."

Nyuma ya pazia wodi nzima ilikuwa kimya, hata vijiko vilitulia. Mama alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.  Kama angesema "zungumza na mwanangu", ningekuwa nimemuumbua kaka yangu bure na kumpoteza Mama juu ya hayo.

Baba akajiinua kwenye mto. Sauti ilikuwa imebaki uzi.

"Daktari, najua. Wanangu walinong'ona."

Nyuma ya pazia fundi viatu akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na kitanda baada ya kitanda wakamfuata. Hata nesi aligeuka ukutani mabega yakimtikisika. Kaka Mkubwa alitazama dirisha, akatazama juu ya kitanda, akatazama dirisha tena. Nilimwona anapoelewa. Alikaa chini sakafuni palepale, na suruali yake nzuri.

Baba hakucheka. Alimtazama.

"Mmeninadi," akasema. "Mmetaja bei, mmegonga, mmefunga mnada. Na mwenye mali nimelala ndani ya dirisha."

Mama akauliza kwa kilio, basi kwa nini hukusema? Baba alipumzika kwanza, maana kila sentensi ilimgharimu pumzi. Akasema siku ya kwanza alikasirika. Siku zilizofuata alikuwa anangoja mmoja wetu, yeyote, aingie na kumwambia usoni. Halafu akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake maisha yangu yote. Akasema, na mimi pia niliogopa. Mama akaachia kile chuma, akaushika mkono wake, na Baba akauacha ushikwe mbele za watu.

Baada ya hapo akarudi yule Baba ninayemjua. Alimgeukia daktari akaanza maswali kana kwamba ameletewa meza. Atakula? Atakula, lakini atajifunza upya. Ataoga? Ataoga kwa uangalifu, maji yasiingie tunduni. Ataweza kulala ubavuni mwa mke wake bila kumtisha? Hapo Mama akadakia kwamba ameishi na mkoromo wake miaka yote, hawezi kutishwa na tundu. Ugonjwa unaweza kurudi? Daktari akamwambia ukweli, kwamba unaweza, na kwamba hakuna wa kumwahidi, ila bila upasuaji hana muda mrefu. Baba akafikiri. Akauliza kama ataweza kucheka. Daktari naye akafikiri. Akasema kucheka atacheka, ila sauti ya kicheko haitatoka.

Baba alifumba macho. Nilidhani amechoka, labda ataomba tumwache hadi kesho. Alipoyafumbua, alimwambia daktari neno moja: kateni.

Kaka Mkubwa akanyanyuka pale sakafuni. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Hakuwa anabishana tena, alikuwa anaomba.

"Baba, ile sauti ndiyo iliyotulea."

"Sauti haikuwalea," Baba akasema. "Niliwalea mimi. Na mimi bado nipo."

Daktari alimshauri aitunze pumzi yake mpaka siku ya upasuaji. Hakuitunza. Alimwambia fundi viatu kwamba soli alizowahi kumwekea zilidumu wiki moja. Alimwambia Baba Mdogo kichekesho chake cha mwisho kilikuwa kibaya kuliko vyote. Aliniita jina langu, Kitinda, bila sababu yoyote, akaniita tena, kisha akasema basi nenda. Nilikwenda nikalilia chooni. Na asubuhi ya upasuaji alimwomba Mama wavute pazia wabaki wawili. Alichomwambia, Mama hajatuambia hadi leo, na sisi, pamoja na umbea wetu, hatujathubutu kumuuliza. Alitoka nyuma ya lile pazia amenyooka mgongo.

Siku ile tulikaa mbali na lile benchi. Tulisimama bustanini, hakuna aliyesema neno, kitu ambacho kwetu hakijawahi kutokea. Mama alinisogelea, akaninyoosha kola ya blauzi ambayo haikuwa imejikunja, akaniambia radhi yake ninayo. Daktari alipotoka, kofia ya upasuaji bado ikiwa kichwani, alituambia wameondoa chote na Baba anapumua vizuri. Baba Mdogo alipiga ukelele mpaka mlinzi akaja mbio.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Baba alipoamka na kufungua kinywa, na kisitoke kitu, alitutazama kwa macho ambayo siyasahau. Tulimpa kibao cha kuandikia kwa chaki. Mwandiko wake haukuwahi kusomeka, nasi tulikuwa tunabahatisha. Anaomba mto, tunamletea mtindi. Siku moja akakirusha kile kibao kikapasuka ukutani. Kulikuwa na siku alizokataa kuamka, siku alizotufukuza kwa mkono, na siku ambazo Mama aliketi nje ya mlango wake akishona kitu kisichohitaji kushonwa.

Aliyenishangaza ni Kaka Mkubwa. Alimwomba nesi amfundishe kusafisha lile tundu na mpira wake wa kupumulia, akajifunza kwa makini mpaka nesi akawa anamsifia. Kila asubuhi kabla ya kwenda uwanjani alinawa mikono, akakaa mbele ya Baba, na kabla hajagusa chochote alingoja. Baba akiitikia kwa kichwa, anaanza. Akikataa, anakaa kimya mpaka Baba awe tayari. Sijawahi kumwona kaka yangu akimngoja mtu. Sikuwahi kumsikia akimwomba Baba msamaha kwa maneno, lakini siku moja niliingia nikakuta Baba amemwekea kiganja utosini, kama tulipokuwa wadogo, nikarudi nyuma nikafunga mlango.

Mnada uliendelea bila Baba, kama unaweza kuuita mnada. Kaka alipanda kwenye kreti, akaiga sauti ya Baba, wateja wakawa wanamsikitikia. Walinunua kwa adabu, na hakuna kitu kibaya kwenye mnada kama adabu. Kisha asubuhi moja, naburuta kabati kubwa la vioo kulisogeza mbele, nikasikia watu wananyamaza kuanzia lango la uwanja. Nikageuka. Baba alikuwa anakuja, amevaa koti lake, kitambaa chepesi cheupe kimefunika shingo, Mama pembeni yake hajamshika.

Kaka alishuka kwenye kreti bila kuambiwa. Baba akapanda. Nilimpa kirungu.

Watu hawakujua watazame wapi. Wengine walijifanya wanakagua viti. Baba akangoja. Akangoja mpaka kila jicho likamrudia, kisha akanionyesha kabati, akabusu ncha za vidole vyake, akayazungusha macho kama mtu aliyeonja asali, na akainua kiganja kuanza bei. Mama mmoja muuza mitumba akainua mkono. Baba akamwinamia kama malkia. Akamgeukia bwana aliyekuwa karibu naye, akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Watu wakacheka, na yule bwana kwa aibu akapandisha dau. Uwanja ukachangamka. Walisogea mbele, kwa sababu mnada huu huwezi kuusikia ukiwa ng'ambo ya barabara, lazima umtazame mzee.

Alikuwepo mfanyabiashara wa fanicha tuliyempachika jina Bwana Punguza, mtu ambaye hajawahi kulipa bei aliyoambiwa. Alilitaka lile kabati. Akamsogelea Kaka Mkubwa, akamwinamia sikioni, akamwambia amwambie mzee wake amfungie bei hapohapo, wao wawili watayamaliza. Miezi iliyopita Kaka angejibu palepale, maana majibu ya Baba yote alikuwa nayo mfukoni. Nilimwona anafungua kinywa. Akakifunga. Akaweka chini kamba aliyoshika.

"Baba yangu yuko mbele yako," akasema, na kwa sauti ya kwetu uwanja mzima ulisikia. "Muulize mwenyewe."

Bwana Punguza akababaika. Akavua kofia, akamsogelea Baba, akamuuliza kama mtu na heshima zake: Mzee, unaweza kunifungia hapo? Baba akamtazama. Akalitazama kabati, akalipapasa kioo. Kisha akaingiza mikono kwenye mifuko ya suruali, akaitoa nje yote miwili, mitupu, ikaning'inia, akabaki hivyohivyo amesimama juu ya kreti na uso wa yatima. Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Bwana Punguza mwenyewe alicheka mpaka akainama, na akiwa ameinama akapandisha dau. Mama wa mitumba akampita. Bwana Punguza akampita na yeye. Baba akainua kidole kimoja, akainua cha pili, akawazungushia macho wote taratibu, akainua cha tatu, akagonga.

Watu walipiga makofi, vigelegele na mbinja. Kaka Mkubwa alikuwa anaruka kama mtoto. Mama alisimama langoni, mtandio umemwangukia mabegani, anapiga vigelegele vya kuamsha maghala. Na juu ya kreti Baba alikuwa anacheka. Mabega yalikuwa yanatikisika, kinywa wazi, machozi yanamtoka, na sauti haitoki hata kidogo. Nilisimama chini yake nikalia na kupiga kelele kwa pamoja, sikumwonea mtu haya.

Akaniona nimezubaa. Akanikunjia uso, akagonga kreti kwa kisigino, akanyoosha kirungu kuelekea jokofu lililofuata. Nikajifuta machozi kwa mkono wa blauzi, nikalisukuma mbele.